Zai na daftari lake la maneno

Nimeandika na kufuta tangu asubuhi. Akili bado inakataa. Zaituni, Zai wetu wa Tanga, katutoka juzi hapa London.

Kwa msiomjua: tumefanya kazi pamoja miaka sita, care home moja ya kulea wazee huku Tooting. Nyumbani alikuwa nesi kamili. Huku aliogesha wazee, akisubiri kufaulu mtihani wa Kiingereza arudie unesi wake. Alifeli mara mbili.

Ndipo akaanza daftari. Kila siku neno moja gumu. Mimi mgongo unaniuma, nimebeba mashuka machafu, yeye ananifuata nimsikilize "meticulous" yake.

Bintiye Salma alimcheka: "Mum, nobody talks like that." Zai akamwambia anayesahihisha mtihani si yeye.

Kulikuwa na bibi mmoja asiyeweza kusema. Sote kwenye notes tuliandika "in pain", basi. Zai akaandika "intermittent", kwamba maumivu yanakuja na kuondoka, upande gani, na yanazidi akigeuzwa vipi. Daktari alisoma, bibi akapelekwa hospitali siku ileile. Yupo mpaka leo.

Sasa kinachonitafuna ni hiki. Zai alipoanza kuumwa tumbo, nilimsindikiza kwa GP. Maneno yote kayaandaa, daftari mkobani. Daktari akamuuliza hali. Akajibu, "I'm fine, thank you." Shida nini? Tumbo, kidogo tu.

Kwetu unaanza na nzuri. Mwenzio anakuuliza tena, ndipo unasema lililokuleta. Zai alisubiri aulizwe tena. Hakuulizwa, tukatoka na dawa ya gesi.

Nami nilikaa pale kimya, nikaona si adabu kumsemea mtu mzima. Najuta. Nimechoka kujuta.

Tulipokuja kujua ni nini, maji yalishazidi unga.

Wiki iliyopita matokeo ya mtihani alioufanya kabla ya kulazwa yalitoka, nikamsomea wodini. Kafaulu! Akatabasamu, akasema, "Salma atakoma."

Jana Salma kaniuliza, "Aunty, how are you?" Ulimi ulishaanza kusema nzuri. Nikauzuia. Nikamwambia si nzuri, mwanangu, si nzuri hata kidogo. Tukalia wote.

Daftari lako ninalo, Zai. Ukurasa wa mwisho hukuandika neno.

Pumzika, nesi wangu. Huko ukiulizwa hali, sema kweli mara ya kwanza.