Nilimsikia Akiita "Mama", Yeye Hakunisikia

Admin, ficha jina langu. Nimekutumia kwa sauti, kwa simu ya jirani, kwa sababu shule sikuikanyaga, we andika tu kama nilivyosema. Na mtakaotaka kunitukana, tukaneni, mi sijui kusoma.

Mimi ni bibi wa hapa Buyenzi, Bujumbura. Miaka sabini nimeshaipita, mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Naishi na Mariamu, mke wa mwanangu Hamisi. Hamisi mwenyewe aliondoka miaka ya fujo, akasema anavuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, mpaka mambo yatulie, na tangu hapo hatujui kama anakula au ameshaliwa na udongo. Mariamu angeweza kurudi kwao. Apana, alibaki. Ananipikia, ananiogesha nikiugua, anauza vitambaa katika duka la watu kule mtaa wa Asiatique. Mkisema ni mkwe wangu mnamwonea. Ni mwanangu.

Nyumba yetu ina simu ya mezani tangu zamani. Baba yake Hamisi aliwakaririsha watoto ile namba kama sura ya Kurani, mtoto hapewi chai mpaka aitaje. Kwa hiyo moyoni nilijua kwamba Hamisi akinyang'anywa kila kitu, ile namba anayo. Waya wa zamani ulipokufa, Mariamu akaenda bureau ya kampuni ya intaneti, akasaini mkataba kwa jina lake, akawabembeleza mpaka wakatuachia namba ileile. Wakatuletea ruta, na pembeni yake kisanduku kidogo ambacho simu yetu ilichomekwa. Fundi wao akanionyesha taa ya kisanduku: ikiwa kijani, simu ni nzima, ikizimika, chomoa, subiri kidogo, chomeka tena. Umeme ukikatika simu nayo inakufa, jambo ambalo enzi za waya halikuwepo. Tangu hapo mi sina raha. Napika nikiangalia taa. Naswali nikiangalia taa, Mungu anisamehe.

Sasa Mariamu amepata mchumba. Masheikh walishamfungua kwenye ndoa ya Hamisi siku nyingi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia, "We mutoto, utazeekea hapa na mimi kwa faida ya nani?" Mwanamume anaitwa Saidi, fundi wa magari, mtu mwema. Alipoona intaneti haifiki vyumba vya nyuma ya ua, akatuletea ruta ya pili kama zawadi. Akaiunganisha mwenyewe na ile ya kwanza, na kisanduku cha simu akakihamishia kwenye yake. Taa ikabaki kijani.

Kwetu zawadi haijaribiwi mbele ya aliyeileta, ni kama kumwambia hatukuamini. Tulimshukuru, tukampakulia pilau, mi nikazifunika ruta zote mbili kwa kitambaa changu cha kufuma. Hakuna aliyepiga simu kuona kama inafanya kazi. Hata alipoondoka niliona haya kuijaribu, na taa si ilikuwa kijani?

Wiki iliyopita, mchana, Mariamu yuko kazini, simu ikalia. Nikainua. Sauti ya mwanamume, imekwaruza, kama mtu aliyelala nje.

"Allô? Mama?"

Nikaitika. Akaita tena. Nikamwambia ni mimi, sema mwanangu, nakusikia. Yeye anaendelea tu, allô, allô, mnanisikia? Nikapiga kelele mpaka koo likauma, nikaipigapiga ile simu kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kisha akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe:

"Basi walihama."

Akakata.

Nikamtuma mtoto wa jirani amwite fundi wa kampuni, alipofika nikamwambia simu ni kiziwi, zaidi ya hapo sikusema. Akapiga kwa simu yake ya mkononi, mi namsikia, yeye hanisikii. Akafunua kitambaa, akaona ruta mbili zimefuatana, akasema sauti ya nje inaingia lakini ya kwangu inapotelea katikati yao. Akairudisha waya ya kisanduku kwenye ruta ya kwanza, akapiga tena, tukasikizana vizuri kabisa. Nikamuuliza aliyenipigia ni nani, maana simu yetu haina kioo cha kuonyesha namba. Akasema mashine za bureau zinajua, ila namba hiyo hupewa mwenye mkataba tu, aje mwenyewe na karangamuntu, kitambulisho chake, mkononi.

Mwenye mkataba ni Mariamu.

Jioni nikamwambia tu kwamba simu ilikuwa imeharibika, imetengenezwa, na waya ya Saidi isiguswe tena. Akacheka. "Mama, hiyo simu yako inamwonea Saidi wivu."

Nikacheka naye. Chakula changu nikakifunika.

Najua matapeli wapo, wanapigia vikongwe wakisema mama ni mimi. Lakini tapeli huomba kitu. Huyu hakuomba. Na sauti ya Hamisi, wallahi, naisahau siku hizi, siwezi kuapa kwamba ni yeye. Simu haijalia tena. Kama ni yeye, anaamini hatupo, atapiga kwa ajili gani?

Ndoa ni Ijumaa hii. Mariamu hana mama mjini hapa ila mimi, mimi ndiye nitakayemtoa. Jana amenijaribishia nguo yake, akazunguka mbele yangu, akaniuliza, "Mama, mbona unaangalia ukutani?" Miaka yote sijamwona na uso wa furaha kama ule.

Nikisema, ataivua ile nguo, namjua, atakaa kungoja sauti ambayo labda ni ya mtu mwingine. Nikinyamaza, huenda ninamtoa mke wa mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, na mwanangu yu hai. Saidi naye amenikosea nini?

Wanangu, nyinyi mliowahi kungoja mtu, na nyinyi mliowahi kungojewa, niambieni kwa sauti kabla ya Ijumaa. Nimpeleke Mariamu bureau, au nimpeleke kwenye ndoa yake?