Wachawi wa Pasaka, Ghorofa ya Tano

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Waswidi wana akili timamu mwaka mzima isipokuwa majira ya kuchipua. Ikifika Machi, jua likichungulia kidogo tu, hata kama baridi bado inauma masikio, utawakuta wameegemea ukuta wa stesheni, makoti yamefungwa hadi kidevuni, nyuso juu, macho yamefumbwa, kimya kabisa, kama watu wanaosubiri Mungu awapige picha ya pasipoti. Tulipofika hapa mara ya kwanza nilidhani wanasali. Nikamwambia mke wangu, "Angalia, kumbe nao wana maombi."

"Wanaota jua, baba watoto," akasema. "Hata mjusi anaota jua, na hujawahi kumwita mlokole."

Siku hizi nami naegemea ukuta huo huo, hapa mtaani kwetu Vårby gård, pamoja na mijusi wenzangu. Nina miaka sabini na moja na goti la kushoto lisilotaka kusikia habari za ngazi. Lakini wakati ule nilikuwa na goti zima na kichwa kibovu, na kila walichokifanya watu wa mji huu kuupokea msimu nilikiita cha shetani. Na wanafanya mengi. Kwanza wanakula maandazi yaliyopasuliwa katikati na kujazwa krimu. Baadaye mji mzima unakula våffla siku moja, ule mkate mwembamba unaochomwa kwenye chuma chenye miraba. Kisha wanakwenda kutazama miti iliyochanua. Aprili ikiisha wanawasha moto mkubwa kama wa kuchomea nyumba na kuuimbia nyimbo. Moto nilisema ni ibada ya sanamu. Miti nilisema ni mizimu. Hata andazi la krimu nililitilia shaka, ingawa nilikuwa nalila nikiwa peke yangu.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa chumba cha chini ya ardhi tulichokipanga kwa saa. Kabla yetu waliingia watu wa mazoezi ya kupunguza tumbo, kwa hiyo tulimsifu Bwana ndani ya harufu ya jasho la wengine. Sikulalamika. Nilikuwa nimepewa kiti cha mbele, na mtu anayeosha mabasi wiki nzima akipewa kiti cha mbele siku ya Jumapili, hafikiri sana.

Sasa niseme kuhusu wachawi. Alhamisi ya kabla ya Ijumaa Kuu, watoto wa hapa hujifunga vitambaa kichwani, huvaa sketi ndefu za bibi zao, hujipaka mashavu rangi nyekundu na kujitia madoa puani, halafu hubeba fagio na birika la zamani la kahawa wakapita mlango hadi mlango. Wanakupa kadi waliyoichora wenyewe, unawapa pipi, mnatakiana Pasaka njema. Basi. Kuna hadithi ya kale kwamba siku hiyo wachawi wanapanda mafagio na kuruka kwenda kwenye sherehe yao, lakini nchi nzima hakuna anayeiamini. Tuliokuwa tunaiamini ni sisi wa chumba cha chini.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini, kengele ikalia, nikafungua. Wachawi wanne, wafupi, na mafagio. Kwetu Uvira, mji wa kando ya ziwa nilikozaliwa, mtoto akiitwa mchawi si mchezo. Nimeona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Kwa hiyo sikuuliza kitu. Juu ya kabati la viatu nilikuwa na chupa ya maji yaliyoombewa na mhubiri mgeni, lita moja na nusu. Nikawamiminia yote, huku nikikemea kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya nane.

Watatu walitimka kwenye ngazi wakipiga mayowe. Wa nne hakukimbia. Angekimbilia wapi? Hapo palikuwa kwao.

Rangi ya mashavu ilikuwa inamchuruzika hadi shingoni. Kitambaa alichofungwa kilikuwa kitenge cha mama yake, cha buluu chenye ndege wa njano, nilichokinunua mimi mwenyewe kwa pesa yangu, na sikukitambua. Akaninyooshea kadi. Ilikuwa imelowa. Nikaichana bila kuitazama.

Hilo la maji watu wangeweza kulicheka baadaye. Lililofuata halichekeki, ingawa nimejaribu. Jumapili nikampeleka mbele ya kanisa aombewe. Mhubiri mgeni, aliyekuwa na wiki mbili tu hapa nchini, akamwinamia na kumuuliza, "Nani alikufundisha kuruka?"

Mtoto alizoea kutujibu kwa Kiswidi, kama watoto wote wa hapa. Akasema kwa Kiswidi, polepole, "Ni pipi tu."

Mhubiri akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Sikieni! Pepo anaongea lugha yake!"

Kanisa zima likasema amina. Watu walioongea Kiswidi kila siku na mabosi wao, na mwenye nyumba, na daktari wa meno. Mimi nilikuwa nimefaulu mtihani wa Kiswidi mwezi uliotangulia. Nilielewa kila neno la mtoto wangu. Nikasema amina.

Hakunigombeza, wakati ule wala baadaye. Alikua, akasoma, na alipopata kazi akahamia Hässelby, mwisho wa reli upande mwingine wa mji. Nadhani kama reli ingeendelea naye angeendelea. Si kwamba alinitupa. Kila wiki ananiletea dawa na kunisomea barua za pensheni. Lakini anasimama pale pale juu ya kizulia cha mlangoni, na viatu mguuni. Katika nchi hii hata fundi bomba anavua viatu akiingia nyumbani kwa mtu. Asiyevua ni yule anayeondoka sasa hivi. Binti yangu ameondoka sasa hivi kwa miaka kumi na mitano.

Mama yake alipokuwa hospitali, siku za mwisho, aliniambia, "Kile kitambaa nilimfunga mimi. Niliogopa kukuambia." Nikamjibu apumzike.

Mwaka huu, bado theluji ikiwa chini, mjukuu wangu wa miaka saba alinipigia simu ya video. Kwenye kioo nikaona pua tu. "Babu! Nitakuwa mchawi wa Pasaka! Nije kwako?"

Simu ikachukuliwa. Binti yangu akasema, "Papa, achana naye. Atazunguka huku kwetu."

"Mlete, mama."

"Ili ummwagie maji?"

"Ile chupa sina tena."

"Shida si chupa, Papa. Shida ni mdomo." Kisha akasema, "Nitafikiri."

Nikaamua kujiandaa kama mtu anayerudia darasa. Mwalimu wangu alikuwa rafiki yangu Mrundi wa mtaa wa Fisksätra, mjane kama mimi, Mkatoliki anayehudhuria kila sherehe ya mji huu ilimradi kuna kitu cha kutafuna. Nilipomweleza alicheka hadi akakohoa. "Yaani wewe mzee uliwabatiza watoto wa watu mlangoni? Bila hata kuwauliza majina?"

Siku ya våffla akanipeleka kwenye mkahawa mmoja mjini, foleni hadi nje. Nikaletewa sahani yenye jemu na krimu. Nikaikodolea macho.

"Kula, sha, rafiki yangu," akasema. "Shetani hawezi kukaa humo. Ina matundu, angedondoka."

Nilikula mbili. Nikajipiga picha na sahani nikamtumia binti yangu. Akajibu: "Daktari alisema nini kuhusu sukari?" Nilifurahi kama niliyepewa cheti. Lilikuwa ni gombezo, lakini gombezo la mtu anayehesabu vidonge vyako.

Pasaka ilichelewa mwaka huu, kwa hiyo miti ilichanua kabla yake. Tukaenda Bustani ya Mfalme, katikati ya mji, pale penye safu mbili za micheri inayogeuka rangi ya waridi tupu. Watu walikuwa wengi kuliko maua. Kila mmoja kanyoosha simu juu, mabibi harusi watatu wanagombea mti mmoja, na mbwa kavalishwa shada.

"Inazaa nini?" nikauliza.

"Haizai kitu."

"Hata tunda moja?"

"Moja la nini? Kwetu huu ungekuwa kuni tangu mwaka juzi." Lakini yeye mwenyewe alikuwa amevaa tai kwa ajili ya miti hiyo, na alinisimamisha chini ya tawi mpaka petali zikanijaa kwenye upara. Nikatuma picha. Binti yangu akajibu kidole gumba. Sikujua kidole gumba kinasema nini. Mrundi akasema kinasema kidole gumba.

Mtihani wa mwisho niliufanya peke yangu. Kabla ya Pasaka sokoni wanauza matawi makavu ya mti, yamefungwa manyoya ya kuku ya rangi: njano, zambarau, nyekundu. Watu wanayaweka mlangoni kama pambo. Ebu mwambie mtu wa Uvira kwamba matawi makavu yenye manyoya mlangoni ni pambo. Miaka yote nilikuwa navuka barabara nikiyaona. Safari hii nilichagua fungu kubwa kuliko yote, nikapanda nalo treni likimtekenya pua mwanamke aliyekaa mbele yangu, nikalifunga kwenye mlango wangu kwa kamba ya kiatu. Nikapiga picha. Nikatuma.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu: "Alhamisi saa tisa. Usisali."

Alhamisi nilikaa mlangoni tangu asubuhi na bakuli la pipi, nimevaa suti. Wachawi walianza kuja mapema. Jengo letu lina mataifa yote, na mataifa yote yalituma wachawi. Mmoja alikuwa amefunga kitambaa juu ya hijabu yake, na mwingine alikuwa amechora ndevu, sijui kwa nini. Niliwapa viganja viwili viwili, nikijisikia mtu mwema kupita kiasi, na habari zikapanda ghorofani na kushuka. Ilipofika saa nane na nusu bakuli lilikuwa jeupe. Kilichobaki ni lile yai la karatasi ngumu, kubwa kama kichwa cha mtoto, nililomjazia mjukuu wangu. Mrundi akapiga simu. "Usifungue mdomo. Tabasamu tu."

Kengele ikalia.

Safari hii nilikitambua kitambaa kabla ya kumtambua mtoto. Buluu, imepauka, ndege wa njano wamekuwa kama vifaranga wagonjwa. Chini yake mashavu mekundu, na fagio refu kuliko mwenye nalo.

"Glad påsk, babu!" Akanitakia Pasaka njema kwa Kiswidi, akanipa kadi. Ilichorwa mwanamume mwenye miwani mikubwa na suruali iliyoishia magotini.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Na huyu kuku?"

"Anakuogopa."

Nikampa yai. Alilifungua hapo hapo, akachambua, akatoa pipi nyeusi za chumvi na kunirudishia. "Hizi ni za wazee."

Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya lifti, koti limefungwa vifungo vyote, funguo mkononi, mguu mmoja umezuia mlango wa lifti usijifunge. Nilitaka kumwambia Mungu akubariki, nikakumbuka kwamba hiyo nayo ni sala, nikaimeza. Midomo ikabaki wazi, na kwa kuwa ilikuwa wazi tayari, nikasema:

"Siku ile kanisani nilielewa. Ulisema ni pipi tu. Nilielewa, na nikasema amina."

Lifti ikaanza kulia, ti, ti, ti, kwa sababu ya mguu wake.

"Najua, Papa," akasema. "Ulikuwa umefaulu mtihani. Mama alitupikia keki."

Miaka yote hiyo nilidhani nina siri.

"Nilikukosea," nikasema. "Si mhubiri. Mimi."

Mtoto alikuwa anatutazama kwa zamu, shavu moja limevimba kwa pipi. Lifti ikazidi kulia. Ndipo binti yangu akanyoosha mkono, kiganja juu, kama mtoto wa miaka minane.

"Na zangu?"

"Zako nini, mama?"

"Pipi zangu. Za siku ile."

Nikatazama bakuli. Nikatazama zile nyeusi za chumvi mkononi, nikaona aibu kuzitoa. Nikakimbia jikoni, kama goti lile linaweza kuitwa linakimbia, nikafungua kabati. Palikuwa na chumvi, majani ya chai, na pakiti ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwa la kwetu, niliyoletewa na Mrundi. Nikarudi nayo, nikaiweka kwenye kiganja chake.

Aliitazama muda mrefu. Akainusa.

"Papa, mchawi hali ndagala bila kupikwa."

"Nitapika."

"Na nyanya?"

"Nyanya zipo."

Akaondoa mguu. Lifti ikafunga mlango ikaenda zake chini, tupu. Akavuka matawi yangu yenye manyoya, moja likamkwangua shavuni akalitukana kwa Kiswidi, akafika kwenye kizulia. Akainama. Kamba za viatu vyake zilikuwa na mafundo mawili mawili, za mtu asiyekuwa na mpango wa kuvua.

"Skynda dig, mamma," mtoto akasema, akimharakisha.

Nilikwenda jikoni kubandika maji.