Mama Vifungo na nyota asizoziona

Jua linapotelea nyuma ya ghala la saruji, na vyerehani vya baraza hili vyote bado vinanguruma. Taa zinawashwa, redio zinapandishwa sauti. Fundi mmoja tu ndiye anayefunika mashine yake kwa shuka, anakung'uta nyuzi mapajani na kuaga.

"Haya jamani, kuku wakilala nami nalala," anawatania wenzake.

Wanacheka. Wamezoea. Lakini Mama Vifungo haendi kulala. Anapanda hadi kwenye paa la nyumba anayopanga, kamera ikining'inia shingoni, akiuwahi mwanga uliobaki. Anatandaza stendi ya miguu mitatu. Juu yake anafunga mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba ya mlango, na juu ya mbao hizo anaikaza kamera. Kila kitu anakipapasa mara mbili: bolti ipo, nati ipo, waya wa kufyatulia upo. Giza likishaingia, vidole ndivyo vitakavyomwongoza.

Kwa maana mama huyu anayepiga picha za nyota hajaona nyota hata moja kwa macho yake tangu alipokuwa msichana mdogo.

Jina la Mama Vifungo alibandikwa na wateja. Yeye ni fundi wa sare za shule, na kila shati linalotoka mikononi mwake lina kifungo cha akiba kilichoshonewa kwa ndani. "Watoto wana vita na vifungo," anasema. "Mimi nawahurumia mama zao."

Mchana anaona, ingawa ni kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Mtu akija ubavuni, hamwoni mpaka ageuze kichwa. Usiku haoni kitu. Ni ugonjwa wa macho aliourithi kwa mama yake, ambaye sasa amebakiwa na tundu dogo tu la kuonea. Daktari alimweleza kwamba kwa hali yake hana dawa ya kumpa.

"Nilimuuliza, daktari, sindano nitatunga uzi mpaka lini? Akasema katikati ya jicho huchelewa kuguswa, ila hawezi kunitajia mwaka. Nikamshukuru, nikarudi kushona. Ningefanyaje?"

Kilichokuwa kizito zaidi ni siri. Mumewe, fundi wa milango, aliishi naye miaka kumi na sita bila kujua. Utotoni Mama Vifungo aliwasikia mawifi wa mama yake wakimcheka kwamba anapapasa ukuta kama mwizi. Akaapa kwamba yeye hatachekwa. Basi ikawa kila jioni ana sababu: leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa sare za watu. Akitaka kitu nje, humtuma binti yake.

Kamera aliinunua kwa mpiga picha wa harusi, jirani yake, kwa malipo ya sare nane. Ilikuwa kuukuu, haiwezi tena kujirekebishia ukali wa picha, mpaka uzungushe lenzi kwa mkono. Alitaka kupigia picha mishono yake ili wateja wachague.

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima. Wapangaji wakapanda paani kupunga upepo, na yeye akavutwa mkono na binti yake. Mtu akapaza sauti, "Oneni Kilimia kile!" Kila mtu akainua uso. Naye akainua.

"Nikasema, nzuri kweli. Nami nilikuwa kama natazama weusi wa tako la sufuria," anasimulia, akicheka hadi anafuta macho.

Lakini neno lile halikumtoka. Mama yake alikuwa akimsimulia habari za Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo, kutoka katika kumbukumbu za utoto wake mwenyewe. Siku ya pili yake, jioni, Mama Vifungo akailaza kamera juu ya kigoda, ikitazama mbinguni, akaiacha wazi kwa nusu dakika. Kioo cha nyuma kikawaka. Kilikuwa na mistari mifupi myeupe.

"Nilidhani kioo kimekwaruzika. Nikakifuta kwa upindo wa gauni. Mikwaruzo haikutoka. Nikafuta tena. Ndipo nikaelewa ni nini, nikakaa chini nikalia."

Binti yake, anayesoma sekondari, ndiye aliyeeleza mistari ile: dunia inazunguka, kwa hiyo kamera ikiachwa wazi, nyota huonekana zimeburuzika. Akawatafutia kwenye simu video ya kifaa kinachoifanya kamera izifuate nyota. Baba mtu akaitazama mara moja tu. "Hii ni bawaba na bolti," akasema. "Hii ni kazi yangu."

Kwa mabaki ya fremu ya mlango akaunda kifaa hicho. Ubao wa chini hutulia. Wa juu husukumwa na bolti taratibu, ukiigeuza kamera kulifuata anga. Bawaba huelekezwa kwa dira ya simu. Shida ilikuwa mkono wa kuzungusha bolti. Mumewe alizungusha kwa pupa na picha zikatoka zimetetemeka.

"Fundi, unakaza kitasa au unafuata nyota?" mkewe akamuuliza. Akamsogeza pembeni, akaishika bolti mwenyewe. Mkono uliokwisha kuzungusha gurudumu la cherehani nusu ya maisha yake haukuhitaji kufundishwa utulivu.

Ikabaki kuilenga kamera.

"Ilenge Kilimia basi," mume akamwambia.

"Nilengee wewe."

"Si kile pale, juu ya tangi la maji?"

"Sikioni."

"Hukioni? Na ile nyota kubwa pembeni?"

"Siioni, Baba. Sioni hata moja. Sijawahi kukuona hata wewe usiku, ila kukiwa na taa."

Fundi wa milango anasema alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. "Nikaanza kukumbuka. Ndoo alizozipiga teke. Sherehe tulizoondoka kabla ya magharibi. Kuna jioni nilimnyooshea mkono apande gari, hakuupokea. Nilinuna wiki nzima! Nikamwambia, mke wangu, miaka yote hii umeniacha ninune bure?"

"Niliogopa utaniona nina kasoro," mkewe akamjibu.

Mume alikishika kidole cha shahada cha mkewe, akakinyoosha mpaka kikaelekea Kilimia, akakishikilia hapo. Kisha akaigeuza kamera ifuate mkono wa mkewe. Mpaka leo ndivyo wanavyolenga.

Picha ya jioni ile ilitoka na nukta safi, moja moja. Mume aliinua macho, akahesabu nyota sita. Mke, akiwa ameinamia kioo, alipita ishirini akaacha kuhesabu.

Aliichapisha kubwa, akampelekea mama yake. Bibi huyo aliisogeza karibu na pua, akaipitisha polepole mbele ya lile tundu lake dogo, nyota kwa nyota.

"Hizi hapa," akasema mwishowe. "Mbona zimezaana?"

Kisha akauliza, "Na lile wingu refu jeupe, linalokata mbingu kati kwa kati, bado lipo?"

"Lipo, mama."

"Umeliona?"

Mama Vifungo alikuwa hajaliona hata kwenye picha zake. Wingu hilo, Njia ya Maziwa, halipigiki picha vizuri kutoka paani kwake, kwa kuwa taa za ghala huliosha anga usiku kucha. Lazima aende mbali na mji, na tangu aolewe hajawahi kusafiri usiku.

Sasa ameamua kwenda. Shule zikifungwa na mwezi ukiwa haujachomoza, wataenda wote watatu kwa kaka yake, anayelima mahali pasipo na nguzo hata moja ya umeme. Mumewe amekwishakata bolti ndefu zaidi. Binti naye ameandikishiwa siku ya kupimwa macho, na safari hii hakuna aliyefichwa.

Kaka mtu amepiga simu kuwaonya: huko shambani giza ni totoro, mtu haoni hata kiganja chake.

"Nikamwambia, vizuri kaka," anasema Mama Vifungo. "Kwa mara ya kwanza tutakuwa sawa sote."