Kichwa Kimoja, Mara Moja

Miaka kumi na tisa Sista aliuguza watu katika zahanati ya kiwanda cha sabuni. Zahanati yenyewe chumba kimoja tu: kitanda cha chuma, dirisha la kutazama uani, na kabati la dawa lililofungwa kwa bandeji baada ya kitasa kufa. Wafanyakazi walitibiwa humo, na majirani wa nyuma ya ukuta vilevile, bure, kwa sababu mwenye kiwanda wa zamani aliona haya kuwafukuza. Haya tu, wala si sera.

Kisha kiwanda kikaingia kwenye kundi la makampuni. Makao makuu nchi nyingine, kampuni dada katika nchi sita, na msaada wote kwa jamii ukawa unapangwa hukohuko. Tusiwasingizie watu: dawa zilianza kufika kwa wakati. Lakini mwisho wa mwaka ikaja fomu, na swali lake kubwa lilikuwa moja. Watu wangapi wamenufaika? Mradi wenye watu wachache ungefungwa.

Sista alikaa na daftari lake siku mbili, mchana kutwa. Aliyekuja mara thelathini, alimwandika mara moja. Mama yake aliwahi kuwa karani wa sensa, na nyumbani kwao kumhesabu mtu mara mbili lilikuwa kosa la kuchapwa. Kichwa kimoja, mara moja. Akaandika mia tatu na kumi na mbili.

Meneja akamwita.

"Sista, wenzetu wa kampuni dada wameandika elfu tisa. Na chumba chao ni kama hiki hiki."

"Elfu tisa? Huko anaumwa mji mzima?"

"Wanahesabu kila anayeingia mlangoni. Akija leo, mmoja. Akirudi kesho, mwingine."

"Bosi, wameuliza watu wangapi, si mara ngapi. Yule mzee wa boila ni mtu mmoja, hata akihamia hapa na godoro lake."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaacha. Hakuwa mtu mbaya, maskini. "Rekebisha, nakuomba. Kwa mia tatu yako hiyo tutafungiwa."

Sista alijua fika anachezea nini. Mzee wa boila, mstaafu aliyekuwa akiendesha mtambo wa mvuke wa kiwanda hichohicho, alikuwa na kisukari na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Alikuja kusafishwa mara tatu kwa wiki. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari, na gari lenyewe la kubahatisha. Sista alimpenda mzee yule, tena sana. Hata hivyo akaipeleka fomu kama ilivyo, na siku ile alitembea kifua mbele.

Baada ya miezi miwili ikaja barua. Ilianza kwa kupongeza umakini wa takwimu. Aya ya pili ilisema zahanati ifungwe mwisho wa mwezi, nguvu zielekezwe nchi yenye wanufaika wengi zaidi.

Siku ya mwisho mzee alikuja, akapandisha mguu kitandani. Sista alimweleza yote huku akisafisha kidonda. Hakuficha hata neno la meneja.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mmoja," mzee akasema.

"Mmoja, baba."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Mzee aliutazama mguu wake. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Sista.

"Mwanangu, nimetembea kuja hapa zaidi ya mara mia, na mguu huu. Kila nilipokuja nilikuwa naumwa, na kila mara ulinitibu. Ni ipi kati ya hizo iliyokuwa ya uongo?"

Sista alikuwa na jibu, la fomu na la mama yake. Aliendelea kuzungusha bandeji, polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kwamba alichoandika kilikuwa kweli.