Mahubiri katika Uwanja wa Naime

Tok, tok, tok. Ni kidole kikigonga kipaza sauti kabla ya mahubiri. Hadi leo nikisikia mlio kama ule, huacha ninachofanya nikageuka.

Uwanja ulikuwa wa Naime Gotaha. Marehemu mumewe alimwachia hapa mjini Goroka, karibu na kituo cha mabasi, ukiwa kichaka na matope. Akaufyeka, akamwaga kokoto, akasimamisha meza, akatuita sisi wajane na wake walioachwa: njooni muuze. Wengi tuliuza popoo, kokwa za kutafuna, na chokaa ya kutafunia. Midomo yetu ilikuwa myekundu kwa kuzitafuna na watoto wetu walikwenda shule.

Kisha mume wa bintiye akaokoka, akaja na kipaza sauti.

Kila adhuhuri, wateja wanapojaa, alipanda juu ya kreti mbele ya meza zetu, waumini wake wakimzunguka. Popoo ni damu ya shetani, alisema. Muuzaji na mtafunaji wataungua pamoja. Wateja walitabasamu kwa aibu, wakavuka barabara kununua kwingine. Nyuma yake Sera, binti wa Naime, alipiga gitaa macho chini, mtoto mgongoni.

Angekuwa mhubiri mwingine, Naime angemtoa kwa fimbo. Lakini huyu ni mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawatajani majina. Ulimi ukiteleza, unalipa nguruwe. Ukitaja kwa kusudi, umesema ukwe umekwisha, na nyumba hizo mbili hazitembeleani tena. Basi Naime alimpa mgongo, na Kopine, muuza viazi, akasimama katikati yao.

"Kopine, mwambie mume wa Sera hapa ni kwangu."

"Baba, unaambiwa hapa ni kwake."

"Mwambie mama lango liko wazi. Kila mtu anaingia. Palipo wazi kwa wote, na Neno lina nafasi."

"Mwambie hata mdomo wangu uko wazi, lakini sijamkaribisha nzi."

Tulicheka. Kopine akasema, "Hilo silifikishi mimi. Amelisikia."

"Mwambie nimefungua lango kwa wanaouza na wanaonunua. Mimi nimewahi kutandaza popoo katikati ya sala zake?"

Jibu la mkwe lilikuwa kuongeza sauti.

Meza zikaanza kubaki tupu. Mama wawili walirudi kijijini, na mmoja akawatoa watoto shule. Naime alizifuta meza zile kila asubuhi hata hivyo, akizisugua kwa hasira kama anayetaka kuzitoboa.

Ijumaa moja mhubiri alianza kuwaombea wenye dhambi, mmoja mmoja kwa jina. Macho amefumba, jasho linamtiririka, majina yanatoka yakisukumana.

"Bwana, mvunje mwanamke anayewafuga wenye dhambi. Mvunje Naime Gotaha."

Kisu cha Kopine kilisimama ndani ya kiazi. Gitaa lilikoma. Sera alijiziba mdomo kwa kiganja.

Mhubiri akafumbua macho, akajua alichokisema. Angeshuka pale kwenye kreti, akaenda kutafuta nguruwe, tungekula na kusahau. Niliiona midomo yake ikilitafuta neno la kuomba radhi. Lakini waumini wake walikuwa wakimtazama, na kiburi kikamtangulia.

"Katika Bwana," alisema ndani ya kipaza sauti, "hakuna cha mkwe wala mama mkwe."

Naime aligeuka. Alipita kati ya meza, akasimama mbele yake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari.

"Mama, usimtaje," Sera alisema. "Nakuomba. Mimi nitakuja kwako vipi?"

Naime alimtazama bintiye, na mtoto aliyelala mgongoni mwake. Kisha akazitazama meza tupu. Kwa kidole kimoja akaushusha mkono wa mhubiri, ili kipaza sauti kisiidake sauti yake.

"Yarepa Lopiso," alimwambia, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, "toka kwangu."