Bodil na Mfupa Uliokutwa Kwenye Titi

Katika Jutland nzima, kule Denmark, na anayebisha akabishane na ukuta, hapakuwa na mkono wa kukata nyama kama wa Bodil Ravnkilde. Si nyama ya kula, mlafi wewe. Ni nyama ya maabara ya hospitali: kinundu cha huyu, tezi ya yule, vimegandishwa kwenye nta, naye anavikata vyembamba hata ukipiga chafya vinahama mji. Miaka kumi na minane meza moja na shoga yake Lissi. Bodil husoma namba ya chupa kwa sauti, Lissi huitazama kwenye kikasha cha kuwekea kipande na kuirudia, ndipo kipande kiingie.

Jumatatu wembe ukalia, krr. Bodil alikuwa anakata kinundu cha titi cha binti wa miaka ishirini na miwili, kile kivimbe cha wasichana kinachoteleza chini ya kidole, kisicho na ubaya. Kitu laini namna ile hakiwezi kuliza wembe.

Mchana Daktari Troels akachungulia darubini.

"Bodil, huu mfupa."

"Kwenye titi?"

"Nakuuliza wewe. Ijumaa mlipokitia kikashani, mlikuwa na goti la babu mmoja hapo mezani. Umechanganya."

"Sijachanganya. Namba tulisoma. Muulize Lissi."

Lissi alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Mimi nilikuwa nimetoka kuchukua kahawa," akasema. "Sikusikia namba yoyote."

Mkuu wa maabara hakupayuka. Watu wa kule humkata mtu taratibu. Ikithibitika, alisema, Bodil atauacha wembe, ataosha chupa.

Sasa, pale kazini kwao anayekosea huleta keki, ataniwe, yaishe. Jumanne Bodil akaleta ya tufaha.

"Tafuneni polepole," mmoja akasema, "lisije likawemo goti."

Wakacheka. Lissi naye akacheka, akala vipande viwili.

Bodil akaanza kujishuku. Sauti ya Lissi ikirudia namba alikuwa ameisikia kabisa. Lakini Lissi ndiye aliyesema hakuwepo, na Lissi si mwongo. Kufika Jumatano alikuwa amekubali kimoyomoyo kwamba kichwa chake kimechoka.

Alhamisi Troels akaitoa kabatini chupa ya yule binti. Nusu ya kinundu ilikuwa bado imo. Akaikata mwenyewe mbele yao, kisu kikagota.

"Mfupa," akasema, na masikio yakamwiva kwa haya. "Kinundu chenyewe kimegeuka mfupa ndani. Nimewahi kusoma tu, sijawahi kuona. Si saratani, binti yuko salama. Bodil, nisamehe."

Jioni Lissi akamfuata pale alipoegesha baiskeli.

"Shoga, si unajua mwaka jana niliandikiwa barua ya onyo? Ya pili ningefukuzwa. Wewe nilijua utajinasua tu."

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na namba niliirudia."

"Nilikuamini wewe kuliko masikio yangu, Lissi."

"Basi yaishe. Jumamosi si tunapanda viazi kule kwenye kibustani chetu?"

"Nenda tu. Ufunguo wangu wa bustani utaukuta mezani kwako kesho."

Bodil akawasha taa ya baiskeli, akaondoka bila kugeuka.