Mapigo Niliyoyaandika

Ukunga haukuwa ndoto yangu. Siku ya kwanza chuoni, kule Embu, wenzangu walisimama mmoja mmoja kueleza kilichowaleta: huyu shangazi yake alifariki akijifungua, yule tangu utotoni alikuwa akiwafunga midoli nepi. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba niliomba uhasibu, nikapewa ukunga. Mhadhiri alicheka, na darasa zima likacheka naye. Nilikaa chini. Nilikuwa nimesema kweli tupu na sikuona cha kuchekesha.

Nyumbani, Majengo ya Meru, hakuna aliyeshangaa. Baba ana bucha hatua chache kutoka msikitini, na tangu nikiwa darasa la nne nilikuwa nikimsaidia kuosha matumbo na kupangusa meza. Majirani walisema binti wa mwenye bucha hawezi kuogopa damu. Kweli sikuiogopa, lakini walivyolisema utadhani ni kipaji, wakati mimi naona ni mazoea tu, kama mtu aliyezoea moshi wa jikoni.

Nilipanga chumba huko Embu, mtaa wa Majimbo, chumba cha ukuta uliotoa unyevu kila Julai, nikasoma. Kusoma ninajua. Mhadhiri wetu wa vitendo, mama mmoja mfupi asiyependa mchezo, alitufundisha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ndogo: unaweka ncha pana juu ya tumbo, nyingine sikioni, macho kwenye saa, unahesabu dakika nzima. Na mkono wa kushoto, alisema, ushike kifundo cha mkono wa mama. Kila siku, kila mama. Mama naye ana moyo wake, na akiwa na homa au hofu moyo huo hukimbia mpaka ukakaribia mbio za mtoto. Mkunga mzembe atauhesabu wa mama, aridhike, aende zake. Ukishika mkono utajua kama unachosikia na unachogusa ni moyo mmoja au miwili. Niliandika yote hayo, na kwenye mtihani niliyapata yote.

Mwaka wa tatu kitu fulani kilizimika ndani yangu. Siwezi kutaja siku. Ninachokumbuka ni kwamba mama mmoja alitufia tukimwangalia, damu ikimtoka haraka kuliko tulivyoweza kuirudisha, na saa moja baadaye nilikuwa kwenye kibanda nje ya lango la hospitali nikila chapati mbili na ndengu. Mwenzangu alikuwa amejifungia chooni akilia. Nilimwambia ajikaze kisabuni, tutachelewa. Usiku nililala vizuri. Niliona huko ndiko kukomaa, na walionisimamia waliona hivyo hivyo. Kwenye fomu zangu waliandika kwamba nina utulivu. Mama yangu peke yake ndiye aliyeniuliza, nikiwa likizo, mbona siku hizi nacheka kama mtu anayefanya hesabu. Nilimwambia nimechoka.

Mwaka wa nne nilipelekwa kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja ya upande wa Tigania. Kila mwanafunzi wa ukunga ana kitabu chake, na ndani yake lazima azalishe idadi fulani ya watoto kwa mikono yake mwenyewe, kila mmoja atiwe sahihi na sista msimamizi. Bila hiyo idadi hakuna shahada, hata uwe umepasua mitihani yote. Mimi nilikuwa nimebakiza mmoja.

Sasa nieleze kuhusu maharagwe. Mama akiwa kwenye uchungu, mkunga anajaza karatasi kubwa iitwayo patografu. Kila nusu saa unasikiliza moyo wa mtoto, unahesabu mapigo ya mama, unatia nukta mahali pake, na nukta zinaungana mstari kwa mstari. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. Wodi inasema vingine. Siku za msongamano wakunga wawili wana akina mama wanane, na saa za kusikiliza zinapita. Basi mtu akipata nafasi anaketi na kalamu, anatazama nukta za nyuma zilikokuwa zikielekea, anazijazia zilizokosekana. Tuliita kupanda maharagwe, kwa sababu ya ule mstari. Sikuwahi kuona mtu akifundishwa kupanda. Mtu alikuta wenzake wakipanda, naye akapanda. Na mara nyingi sana hakukuwa na ubaya wowote. Mtoto alizaliwa akilia, karatasi ikawekwa ndani ya faili, basi.

Mama niliyepewa siku hiyo alitoka Kianjai, ambako anauza nafaka siku za soko. Alikuwa na umri wangu, mimba ya kwanza. Alinisalimia kwa Kimeru, nikajibu kwa hiki Kimeru changu cha Majengo kinachochechemea, akanihurumia akahamia Kiswahili. Nilimpenda kwa hilo, kama neno kupenda linafaa kwa hali niliyokuwa nayo. Asubuhi yote nilifanya kila kitu sawasawa. Saa saba mchana nilisikiliza, mkono wangu juu ya mkono wake, nikasikia mioyo miwili, kila mmoja na mwendo wake. Hilo nina hakika nalo mpaka leo.

Saa saba na nusu mama mwingine alijifungulia kwenye korido, akiwa bado na viatu. Nilimsaidia sista. Saa nane nilikuwa nikimshona. Halafu, na hapa ndipo ninapojichukia, nilipata dakika kumi na nikazitumia kunywa chai. Sikuwa nimeketi tangu alfajiri. Niliporudi ilikuwa inaelekea saa nane na nusu. Karatasi ya mama wa Kianjai ilikuwa na mapengo mawili, nami nikayapanda: mapigo ya mtoto, mapigo ya mama, yote mazuri, yote yakifuata mkondo wa asubuhi. Kisha nikaweka pembe nikasikiliza. Nilisikia moyo ukienda mbio na wazi, nikahesabu, nikaandika. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kalamu. Aliniuliza mtoto yuko aje. Nikasema yuko sawa kabisa.

Mtoto alizaliwa baada ya saa tisa. Alikuwa wa kiume na hakulia. Sista alifanya yote yanayofanywa, kwa dakika zote zinazotakiwa, kisha akanyoosha mgongo akaacha. Ndipo alipomgusa mama kwenye paji akasema huyu anawaka moto. Alianzishiwa dawa papo hapo. Mama mkwe aliitwa, wakashauriana na sista mlangoni, wakakubaliana asionyeshwe mtoto, asije akaumia zaidi. Ndivyo wazee wengi wa hapa wanavyotaka, na wauguzi wengi wanawakubalia. Mimi ndiye niliyemfunga mtoto kwenye shuka na kumtoa. Jioni sista alitia sahihi kitabu changu, maana hata mtoto aliyekufa huhesabiwa. Idadi yangu ilikuwa imetimia.

Nilisubiri kuumia. Nilikaa kitandani, kwenye chumba tulichopewa wanafunzi, nikasubiri kweli, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Hakuna kilichokuja.

Kesho yake kulikuwa na kikao, kwa sababu kila kifo cha mtoto lazima kizungumzwe. Daktari aliinua patografu yangu mbele ya watu. Alisema homa ilipanda ghafla, kwamba mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri mpaka saa nane na nusu, kwa hiyo balaa lilitokea mwishoni kabisa na hakuna ambaye angeliwahi. Akawaambia wauguzi hivi ndivyo karatasi inavyotakiwa kujazwa. Wakanigeukia. Nilisema asante. Nakumbuka nilifikiria pia kwamba nahitaji kununua sabuni.

Siku ya tatu yule mama aliruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikwenda kumtoa ile sindano ya kupitishia dawa mkononi. Alikuwa amevaa tayari, kaketi pembeni mwa kitanda, anamngoja bwana yake aje na pikipiki. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na kichanga kinachonyonya, naye alikuwa amekipa mgongo. Nilipokuwa nikibandika pamba aliniuliza, taratibu, bila kunitazama.

"Sista, asubuhi ile nilibeba mtungi ya maji, ile ya lita ishirini. Mama ya bwana yangu anasema ni hiyo iliua mtoto. Ni ukweli?"

Nilimjibu hapana, maji hayaui mtoto. Akasema mama mkwe ameshawaambia watu. Akasema bwana yake hajasema kitu lakini naye anaamini. Alisema yeye mwenyewe pia ameanza kuona ni hivyo, kwa sababu daktari amesema mtoto alikuwa mzima mpaka mwisho kabisa, karatasi imeonyesha, kwa hiyo kama si hospitali basi ni yeye.

Kama angenilaumu, nadhani ningenyamaza. Kulaumiwa nilikuwa nimekuzoea. Lakini huyu alikuwa anabeba karatasi yangu kwenda nayo nyumbani, aishi nayo miaka yote, na yale maharagwe niliyapanda mimi. Nilivuta kiti. Nilimwambia kwamba saa saba na nusu sikumsikiliza, na saa nane pia sikumsikiliza, niliandika tu. Nilimwambia kuhusu chai. Nilimwambia kwamba saa nane na nusu nilisikia moyo lakini sikumshika mkono, na kwa homa ile aliyokuwa nayo, huenda nilihesabu moyo wake yeye.

Aligeuka akanitazama. Kile kichanga cha jirani kilikuwa kimelala.

"Kwa hivyo nikikuuliza na ukaniambia iko sawa kabisa," akasema, "ilikuwa hai ama ilikuwa imekufa?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, mama."

"Basi enda uandike hujui. Usiniachie hiyo karatasi ingine."

Nilikwenda. Nilimkuta sista ofisini, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunifokea. Alivua miwani akaipangusa kwa aproni, akaniuliza kama naelewa ninachokifanya, maana kikao kimeisha na hakuna aliyekuwa ananidai neno. Nilisema naelewa. Alinipa faili. Karatasi ya mgonjwa haifutwi wala haichanwi. Unaongeza chini, unatia tarehe na jina lako. Niliandika kwamba nukta za saa saba na nusu na saa nane hazikutokana na kupima, na kwamba za saa nane na nusu haijulikani ni za nani. Ilikuwa mistari minne. Sista aliisoma mara mbili, akaomba kitabu changu, akaikata kwa mstari sahihi yake ya juzi. Aliandika barua ya kwenda chuoni akanikabidhi mwenyewe niipeleke. Barua hiyo ilinirudisha Embu, ikaniweka mbele ya meza ya wahadhiri watano, na mwaka uliofuata wenzangu walivaa majoho mimi nikiwa naanza upya mafunzo yale yale. Baba aliniuliza mara moja tu, akiwa ananoa kisu, kama ni kweli nilijisema mwenyewe. Nikamjibu ni kweli. Akaendelea kunoa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, nikiwa na barua mfukoni, nilirudi wodini kumwambia yule mama kwamba nimeandika. Bwana yake alikuwa amefika, amesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi, hajui aingie au asiingie. Nilimweleza naye mbele ya mkewe: kwamba si maji, kwamba imeandikwa, kwamba mtu yeyote akitaka kuuliza aje aulize hospitali na ataje jina langu. Alitikisa kichwa kukubali. Akachukua mfuko wa nguo akatangulia.

Mke hakumfuata mara moja. Alinishika mkono wa sare, si kwa nguvu.

"Ni wewe ulimbeba," akasema. "Hawa wengine walinikataza. Mtoto alikuwa na nywele?"

Nilijua uzito wake, kilo tatu na gramu mia moja. Nilijua dakika aliyozaliwa na urefu wake kwa sentimita. Nikamtajia uzito. Alingoja. Nilijaribu kuirudisha ile sura, kichwa kile kidogo kilichopita katika viganja vyangu hivi, nikakuta shuka la kijani, na mikono yangu ikifunga shuka, na ukuta wenye saa.

Ningeweza kumwambia alikuwa nazo nyingi, nyeusi tii. Mtu yeyote angemwambia. Angepanda pikipiki akienda na kitu.

"Sikumwangalia," nikasema.

Aliniachia mkono, akatoka. Mimi nilibaki nimesimama kando ya kile kitanda, na hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni nikiwa na sare yangu, nikalia mpaka yule mama wa kitanda cha jirani akamweka mtoto wake pembeni akaja kuninyanyua.